Kuhamisha mashine ya kufulia: funga dramu kwanza, blanketi baadaye

Siku ya kuhama, watu wengi huilinda mashine ya kufulia kwa nje tu. Wataivika blanketi, wataizungushia selotepu, wataandika kwa kalamu nene "usilaze". Ikifika na kuwashwa, inagonga, inasogea sakafuni yenyewe, na fundi akiifungua anakuta springi imechomoka au raba ya mlango imechanika. Bati la nje halina hata mkwaruzo.

Chanzo kiko ndani. Katika mashine ya mlango wa mbele, dramu halikukazwa kwenye bodi. Limo ndani ya tangi, na tangi hilo juu linaning'inia kwenye springi, chini linatulizwa na shokomzoba, na limefungwa vipande vizito vya zege au chuma vinavyozuia mashine isirukeruke inapokamua. Ndiyo maana mashine ya kawaida ya mlango wa mbele ina uzito wa kilo 60 hadi 80 hata kabla hujatia nguo. Springi zile zimetengenezwa kuvumilia dramu linalozunguka mahali pamoja. Hazikutengenezwa kubeba zege linaloruka juu na kushuka kila gari linapopita kwenye shimo. Kwa hiyo ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu vizuri, lishike dramu lisicheze. Mengine yote katika mwongozo huu ni muhimu, lakini yanafuata hilo.

Tafuta bolti za kusafirishia mapema

Mashine ikiwa mpya hutoka kiwandani na bolti ndefu zilizopita nyuma ya bodi mpaka kwenye tangi linalobeba dramu. Mara nyingi ni 3 au 4. Kila moja ina mrija wa plastiki na raba nene. Aliyekufungia mashine alizitoa, akaziba matundu kwa vifuniko vidogo vya plastiki, na kama alikuwa mwangalifu alikukabidhi. Zitafute sasa, si asubuhi ya kuhama: kwenye mfuko wa kitabu cha maelekezo, kwenye sanduku la vifaa, juu ya kabati la jikoni.

Kama zimepotea, soma namba ya modeli. Iko kwenye lebo, kwa kawaida ukingoni mwa mlango ukiufungua, au nyuma ya mashine. Ipige picha na uagize bolti za modeli hiyo hiyo kwa wauzaji wa vipuri. Usikubali bolti yoyote iliyoingia kwenye tundu ukadhani inatosha. Urefu na meno hutofautiana, fupi haifiki kwenye tangi, na ndefu kupita kiasi inaweza kulitoboa.

Ukizikosa kabisa bado kuna njia, ingawa ni ya dharura. Mashine ikiwa imechomolewa umeme na kumwagwa maji, fungua skrubu mbili au tatu za mfuniko wa juu, zilizo upande wa nyuma. Usukume mfuniko kuelekea nyuma kisha uuinue. Vaa glavu, maana kingo za bati zilizo ndani hukata. Utaona tangi na zege lake. Jaza vipande vya sponji au taulo zilizokunjwa kati ya tangi na kuta za pembeni, mbele, nyuma na juu, mpaka ukilisukuma dramu kwa mkono lisiende. Usibane nyaya wala mipira. Hesabu ulivyoingiza, uandike idadi kwenye karatasi na uibandike juu ya mlango: "Ndani kuna taulo 6, toa kabla ya kuwasha." Mashine iliyofungwa hivi isafirishwe ikiwa imesimama, safari fupi, dereva akienda polepole. Kwa safari ndefu ya barabara mbovu mimi ningengoja bolti zifike.

Wapo wanaojaza nguo ndani ya dramu wakiamini wamelizuia. Hapo wameliongezea uzito tu. Nafasi inayoleta madhara ni ile kati ya tangi na bodi, na nguo zilizo ndani ya dramu haziifikii.

Pima unakokwenda

Mashine nyingi za mlango wa mbele zina upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 85 hivi, na kina ndicho kinachobadilika, kuanzia 45 hadi zaidi ya 60. Pima yako, kisha pima milango, kona za ngazi na mahali itakapokaa. Ongeza sentimita 5 hadi 10 nyuma kwa ajili ya mipira, maana mpira uliokunjika kwa kubanwa ukutani huziba maji na mwishowe hupasuka. Hakikisha pia mlango wa mashine utafunguka wote bila kugonga kabati au sinki.

Angalia soketi. Iwe na waya wa ethi, iwe ya ukutani, na iwe ya mashine peke yake. Mashine inayochemsha maji huvuta umeme mwingi, na waya wa ekstensheni mwembamba huweza kupata moto hadi kuyeyuka.

Jambo linalosahaulika zaidi ni presha ya maji. Kitabu cha mashine hutaja kiwango cha chini, mara nyingi baa 0.5 au 1 (baa ni kipimo cha presha). Maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi la maji la nyumba hupata takriban baa 1 kwa kila mita 10 za kimo. Tangi lililo mita 3 juu ya koki linakupa kama baa 0.3 tu, na mashine iliyofua vizuri kwenye nyumba yenye presha kubwa inaweza kuchukua muda mrefu kujaza, au kusimama na kuonyesha kosa la maji. Ni bora ulijue hilo kabla, upange pampu ndogo ya kuongeza presha, kuliko kumlaumu aliyebeba mashine.

Siku moja kabla: fua ikiwa tupu, kisha itoe maji

Endesha mzunguko wa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi, bila nguo. Hilo huondoa mafuta ya sabuni na harufu, vitu ambavyo vikifungiwa siku nzima ndani ya gari hugeuka ukungu. Ukimaliza chagua kukamua na kutoa maji peke yake, halafu iache ipoe.

Funga koki ya maji. Kabla hujafungua mpira, anzisha programu yoyote kwa sekunde chache halafu uzime. Maji yaliyobanwa na presha kwenye mpira yataingia mashinani, na hayatakurukia usoni unapoulegeza. Toa tena maji hayo, kisha chomoa plagi.

Pamoja na hayo yote, mashine bado ina maji. Chini mbele, kwa kawaida upande wa kulia, kuna kidirisha kidogo. Kifungue kwa bisibisi bapa au sarafu. Utakuta kifuniko cha mviringo cha chujio la pampu, na kwenye mashine nyingi kijimpira chembamba kilichozibwa. Weka sinia au bakuli bapa, tandika matambara, vuta kijimpira, toa kizibo na uyaache maji yatiririke. Bakuli likijaa ziba, mwaga, endelea. Inaweza kutoka lita moja, inaweza kutoka tatu. Kama kijimpira hakipo, legeza chujio taratibu, robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukidhibiti maji kwa kulikaza tena. Maji yakiisha chomoa chujio lote: utaona nyuzi za nguo zilizoshikana, vibanio vya nywele, vifungo, hata sarafu. Lisafishe na ulirudishe ukilikaza sawasawa, kwa sababu chujio lililokaa upande litavuja siku ya kwanza ya kufua.

Futa maji yaliyojificha kwenye mikunjo ya raba ya mlango. Chomoa droo ya sabuni, ioshe, ikaushe, na uisafirishe peke yake ikiwa imefungwa kwenye taulo. Acha mlango wazi usiku kucha.

Kufungua mipira na kufunga dramu

Legeza mpira wa kuingizia maji upande wa koki kwanza, ukiwa na ndoo chini, kisha upande wa mashine. Ndani ya kila ncha kuna kiraba cha mviringo. Hakikisha hakikubaki kwenye koki. Upande wa mashine kuna kichujio kidogo cha wavu: kivute kwa koleo, kipitishe kwenye maji, kirudishe. Mpira ukiwa umepasukapasuka au una uvimbe, usihame nao, nunua mpya. Mpira wa kutolea maji kwa kawaida haufunguki kirahisi kwenye mashine, kwa hiyo mwaga maji yaliyomo, uzibe mdomo kwa mfuko wa plastiki na uufunge mgongoni mwa mashine pamoja na waya wa umeme. Tumia kamba laini au selotepu isiyoacha gundi. Piga picha kabla ya kufungua chochote, hasa kama mashine ina mipira miwili, wa maji ya moto na wa baridi.

Sasa ivute mashine kutoka ukutani. Shika pembeni chini, sogeza kona moja, kisha nyingine. Usivute mlango, usivute droo, usiinue kwa mfuniko wa juu wala kwa paneli ya vitufe. Vyote hivyo vimeshikwa na skrubu ndogo au klipu za plastiki. Ikisogea kidogo, iinamishe na utelezeshe kipande cha zulia chini ya miguu yake, uso wa manyoya ukitazama sakafu. Itateleza bila kukwaruza.

Ukishafika nyuma, toa vifuniko vya matundu kwa bisibisi bapa. Ingiza bolti moja pamoja na mrija wake na raba. Kama haipati tundu la ndani, mwenzako aingize mkono mlangoni na kulinyanyua au kulisukuma dramu kidogo huku wewe ukiitafutia njia. Ikishika meno, ikaze kwa mkono kwanza. Fanya hivyo kwa zote, halafu ndipo utumie spana, mara nyingi ya milimita 10 hadi 13. Kaza mpaka raba ibanane vizuri na bati, usilazimishe zaidi. Kisha jaribu: ingiza mkono mlangoni na ulisukume dramu. Kama linacheza peke yake, rudia. Kama mashine nzima inatikisika nalo kwa pamoja, umefanikiwa, na sasa unaweza kuleta blanketi.

Funga mlango, uzuie kwa selotepu ya karatasi, zungusha blanketi, na weka kadibodi nene kwenye kona na mbele ya paneli.

Kubeba

Hii si kazi ya mtu mmoja. Wawe wawili wenye nguvu, na kwenye ngazi ni vizuri awepo wa tatu wa kuongoza na kufungua milango. Kuwe na toroli la kusimama la magurudumu mawili na mkanda wa kufungia mizigo. Egemeza toroli kwenye ubavu wa mashine. Nyuma kuna mipira, mbele kuna kioo na vitufe. Funga mkanda ukizunguka bodi nzima, ukaze, ndipo muinamishe.

Kumbukeni kwamba uzito wake hauko katikati. Sehemu kubwa ya zege iko juu na mbele, hivyo mashine inaweza kuelemea upande msioutarajia. Aliye chini ngazini ndiye anayebeba mzigo mkubwa, kwa hiyo awe mwenye nguvu zaidi, na avae viatu vilivyofunika vidole. Shukeni ngazi moja moja, mkisemezana kila hatua, na mpumzike kila mnapofika mahali tambarare. Kunjeni magoti, msikunje mgongo. Na kama mashine imeanza kuporomoka na hamuwezi kuizuia, iachieni na mpishe. Mashine hununuliwa nyingine.

Ndani ya gari

Iwe imesimama, ubavu au mgongo ukiegemea ukuta wa mbele wa sehemu ya mizigo, ili dereva akifunga breki isiwe na pa kwenda. Chini weka blanketi lililokunjwa au godoro jembamba. Funga mikanda miwili kwenye bodi, mmoja chini na mmoja juu ya katikati, ikivutwa pande mbili tofauti. Usiweke kitu juu yake, hata sanduku unaloliona jepesi. Gari likiwa la wazi, funika kwa turubai hata kama anga ni safi, kwa sababu vumbi nalo huingia kwenye matundu ya nyuma.

Je, ikilazimika kulala? Fanya hivyo tu kama bolti zote zimefungwa na kitabu chake hakikatazi. Ilale ubavuni, kamwe isilale kifudifudi. Ubavu unaofaa kwa kawaida ni ule wa droo ya sabuni, ili matone yaliyobaki yasitiririke kuelekea kwenye saketi za vitufe. Ushauri wa kusubiri saa nyingi kabla ya kuwasha ni wa friji, kwa sababu ya oili ya kompresa. Mashine ya kawaida ya kufulia haina kompresa. Zipo za kufua na kukausha zinazotumia mfumo wa kompresa, na hizo zifuate masharti ya kitabu chake.

Mlango wa juu, na zile za matangi mawili

Mashine ya mlango wa juu ni nyepesi zaidi, lakini dramu lake nalo linaning'inia, kwa kawaida kwenye vyuma vinne vinavyotoka kona za juu. Nyingi hutoka kiwandani na sponji lililoumbwa kukaa juu ya dramu chini ya mfuniko. Kama umelitunza, lirudishe. Kama hulina, jaza taulo kati ya dramu na ukingo kuzunguka pande zote mpaka litulie, kisha funga mfuniko kwa selotepu. Hii isilazwe.

Ya matangi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, kwa kawaida ina bodi ya plastiki na mtu mmoja anaweza kuibeba kwa mwendo mfupi, ila tangi la kukamulia hucheza. Lizungushie nguo kuukuu ndani ya nafasi yake. Ikifika, kumbuka kwamba nyingi hazina pampu ya kutoa maji: mpira wake wa maji machafu lazima ulale chini, ukielekea kwenye shimo la sakafuni. Ukiuinua juu, maji hayatoki.

Kuifunga nyumba mpya

Weka mashine karibu na mahali pake, lakini usiisukume ukutani bado. Toa bolti kwanza. Legeza kwa spana, vuta moja moja pamoja na mrija na raba yake, hesabu zimefika idadi ile ile, rudisha vifuniko kwenye matundu. Ukiwasha mashine ikiwa na bolti, dramu litautikisa mwili mzima wa mashine linapokamua, na unaweza kuiharibu kwa dakika chache. Tia bolti zote kwenye mfuko mmoja, andika namba ya modeli juu yake, na uufunge nyuma ya mashine kwa waya mwembamba. Atakayehama nayo tena atazikuta hapo. Kama ulitumia taulo, fungua mfuniko uzitoe zote kwa hesabu uliyoiandika.

Kabla ya kuunga mpira, fungua koki kidogo juu ya ndoo ili mchanga na kutu vilivyokaa kwenye bomba vitoke. Kaza ncha za mpira kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa koleo, si zaidi. Mpira wa kutolea maji uinuliwe, mashine nyingi zikitaka sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni, na usizamishwe sana ndani ya bomba la maji machafu wala kuzibwa pembeni kwa tambara. Ukiwa chini mno, au hewa ikikosa nafasi, maji hujivuta na kutoka yenyewe, na mashine hujaza bila kikomo.

Sawazisha miguu kwa pimamaji, kushoto kwenda kulia na mbele kwenda nyuma. Sakafu iwe ngumu, isiyonesa. Zungusha miguu mpaka pima isome sawa, kisha bonyeza kona mbili zinazotazamana kwa mshazari, halafu mbili nyingine. Isipotikisika, kaza nati za kufungia miguu. Watu wengi husahau nati hizo, na mguu hujilegeza wenyewe wiki chache baadaye.

Endesha mzunguko mfupi bila nguo, ukiwa umesimama hapo hapo. Pitisha karatasi kavu ya tishu kwenye kila kiungo cha maji na kwenye kidirisha cha chujio. Tone dogo lisiloonekana kwa macho litaonekana kwenye tishu. Subiri mpaka kukamua. Mtikisiko mdogo ni wa kawaida. Mashine ikisogea, rudi kwenye miguu. Ikigonga chuma kwa chuma, au dramu linakwaruza bodi ukilizungusha kwa mkono, zima, chomoa, na umwite fundi kabla hujatia nguo hata moja. Kuirudisha springi iliyochomoka huchukua muda mfupi, lakini ukiendelea kufua hivyo tangi linaweza kupasuka. Ikipita salama, anza na nguo chache, na baada ya kufua mara tatu au nne pitisha tena tishu kwenye viungo na uangalie miguu.